Kitabu gani nimesoma karibuni kikanigusa

Dada umeuliza tumesoma nini karibuni, mimi sina hata pa kufikiria, ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mzee wa hapo kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, alikimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, halafu Kiswahili chake akakitafsiri mwenyewe na kikaja kutoka 1980, yaani miaka 35 kakaa na hadithi yake! Nilikuwa nakisoma kwenye meli ya kwenda Nansio, huko huko Ukerewe, kufika pale wakwe wanapomchukua binti yao Bugonoka sababu yeye na mumewe Myombekere hawajapata mtoto na Myombekere anafunga safari kwenda kumuomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi na anakubali tu maana anampenda, aisee nilisahau kama tumefika. Ni kinene na kina maelezo mengi ya kulima, kuvua, dawa za miti, wengine wanaona kinachosha ila mimi hapo ndo palinishika zaidi, nilikuwa namsikia bibi yangu kabisa.

Kingine sio riwaya, ni Darwin's Dreampond cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyekuja Mwanza kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwenye ghuba yetu, anaeleza jinsi sangara alivyopandwa ziwani miaka ya 50 na 60 na baadae furu wakapukutika. Kiko kwa Kiingereza. Nikipita mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, saivi naangalia zile beseni za samaki kwa macho mengine kabisa.

Anza na Kitereza dada, usikiogope ule unene.