Hadithi ya simba iliyonizuia kwenda kwa mtaalamu

Mleta mada, umeuliza kama kuna Mkristo aliyewahi kutiwa nguvu na hadithi za kubuni zenye wachawi na wanyama wanaoongea, maana mchungaji wako kasema ni mlango wa shetani. Mimi nipo. Ni ndefu kidogo, mwenye haraka aruke.

2017 mama alikuwa na saratani. Hospitali walishatuambia turudi naye nyumbani, kilichobaki ni dawa za maumivu. Zamu ya usiku ilikuwa yangu. Mama alifundisha Sunday school miaka mingi, na Biblia nilikuwa namsomea kila siku, lakini nikiri tu, mimi mwenyewe ilikuwa haiingii. Zaburi naisoma kama natoa matangazo ya ibada. Tulishafunga, watu wa maombi walishakuja wa kila aina, sikuwa tena na la kumwambia Mungu.

Kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta nilikuwa nimeokota The Magician's Nephew cha mwandishi C. S. Lewis, kwa sababu kilikuwa chembamba na bei yake haizidi nauli. Kwa Kiswahili ni kama "Mpwa wa Mchawi", jina ambalo ukilitaja kwenye fellowship watu wanaanza kukemea. Ni cha 1955, kimojawapo cha vile saba vya Narnia, nchi ya kubuni yenye wanyama wanaoongea. Nikawa namsomea mama, natafsiri papo hapo, umeme ukikatika tunatumia tochi ya simu.

Kuna mtoto, Digory. Mama yake mahututi, na nyumba wanayoishi ni ya mjomba mchawi. Mtoto anajikuta kwenye dunia inayoumbwa mbele ya macho yake, na anayeiumba ni simba, Aslan, kwa kuimba. Digory anamwomba dawa ya mama yake. Kimya. Anainua macho amtazame usoni, kumbe simba analia, machozi makubwa kuliko ya mtoto, utadhani mwenye mgonjwa ni yeye.

Hapo sauti ikanikwama. Mama akauliza, "Mbona umeacha?" Nikasingizia kikohozi. "Yesu akalia machozi", Yohana 11:35, ndio mstari tuliokuwa tunaukimbilia utotoni tukiambiwa tutoe mstari wa moyo, kwa kuwa ni mfupi. Nimeutamka mara ngapi sijui. Kwamba ndani yake kuna mtu analia kwelikweli, nilikuja kumwona usiku ule.

"Huyo simba ni Yesu?"

"Wewe sikiliza tu, mama."

"Ni yeye. Haya, endelea."

Wiki hiyohiyo mama mdogo akanivuta jikoni. Ni mwanakwaya, msifikiri ni mpagani. Akasema kwa kunong'ona kuna mtaalamu mahali, yaani mganga wa kienyeji, laki tatu tu, na dada yake hana haja ya kujua. Pesa nikatoa. Tukapanga Jumamosi.

Ijumaa usiku tukafika pale Digory anapotumwa bustanini achume tufaha moja amletee simba. Analo mfukoni, mchawi wa kike anamtokea. Dawa unayo, mpelekee mama yako sasa hivi, huyo simba amekufanyia nini hata umtii? Nilikuwa nasoma huku nasikia sauti ya jikoni kwetu. Mtoto anakataa, na kukataa kwenyewe kunamuumiza, anarudi hana uhakika kama amefanya sawa. Nilihisi kama kitabu kimenichungulia mfukoni. Asubuhi nikampigia mama mdogo kwamba siendi. Alininunia mpaka msibani. Ile laki tatu ikaishia kwenye dawa na pampasi.

Mwisho nilishausoma peke yangu mchana: simba anampa Digory tunda la mti mpya na mama anapona. Sikutaka kumsomea mama hapo. Nikamwambia tutamalizia siku nyingine, akakataa katakata. Nikasoma. Akakaa kimya, kisha akasema, "Namshukuru Mungu kwa ajili yake." Kwa ajili ya mwanamke wa kwenye kitabu! Wiki tatu baadaye tukamzika.

Nilikichukia kile kitabu, jamani. Nikakitupia juu ya kabati kikala vumbi miezi. Nilikuja kukishusha baada ya kusoma habari za Lewis mwenyewe. Mama yake alikufa kwa saratani, Belfast, Agosti 1908, yeye akiwa na miaka tisa, na alikuwa amemwombea apone. Baadaye aliishi miaka mingi bila kuamini, akarudi kwenye Ukristo 1931, muda mfupi baada ya usiku mmoja wa maongezi marefu Oxford na rafiki zake wawili. Mmoja ni Tolkien, mwandishi mwenzake, naye yatima wa mama tangu miaka 12. Kwa hiyo aliyeandika yale machozi hakuwa mtu ambaye mama yake alipona. Hilo lilinirudisha kanisani kuliko rambirambi zote nilizopewa, na walionipa nawaheshimu.

Tolkien nampitia haraka. Alikuwa Mkatoliki, lakini kwenye kile kitabu chake kirefu cha 1954 na 1955, The Lord of the Rings, hutakuta kanisa. Mimi kilinigusa mwishoni: Frodo, aliyebebeshwa pete ya uovu akaiteketeze kwenye moto wa mlima, baada ya taabu zote zile anashindwa kuitupa. Kazi inakamilika kupitia kiumbe duni waliyewahi kumhurumia. Kwa sisi tuliokulia kwenye shuhuda za "nikashinda", ni pumziko.

Mchungaji wako simlaumu. Kwetu mchawi si pambo la hadithi, watu wamehama vijiji. Ila asome kwanza. Yule mjomba mchawi ni mwoga anayewatanguliza watoto kwenye hatari, na anavyokazana kujiambia simba haimbi, anaishia kusikia mngurumo mtupu. Hakuna mtoto atakayetamani kuwa yeye. Vipo vitabu vingine vya aina hii ambavyo wanangu siwapi, sitetei vyote.

Ukitaka kuanza, anza na cha 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe. Hiki changu ningekuazima, ila mzee mmoja wa kanisa alikichukua mwaka jana "akikague", na kila nikimuuliza anasema bado hajamaliza.