Shangazi, dada amenitoa kwenye grupu la familia

Shangazi, shikamoo. Baba yetu alipolazwa, dada yangu mkubwa alimpiga picha akiwa kitandani na mpira puani, akaiweka Facebook akiomba watu wamwombee. Iliniuma. Nikaandika palepale chini ya picha: "Hivi baba amekuwa maonyesho?" Naye akanitoa kwenye grupu la familia, ambalo yeye ndiye admini. Baba alishapona, sisi bado hatusemeshani. Kila usiku nafungua ukurasa wake kuona ameandika nini, na akiweka fumbo najua ni langu. Usingizi sina, mume wangu amechoka. Nimzuie kabisa, au nisubiri aniombe radhi?
– Mdogo Mtu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kuhusu ile picha, niko upande wako. Mgonjwa wa hali ile huenda hata hakujua kama kapigwa picha. Na picha ikishatoka imetoka: dada yako akiifuta leo, aliyeihifadhi kwenye simu yake anabaki nayo.

Ila niambie, nani alikuwa akishinda hospitali? Barua yako haisemi, nami nimejiuliza kwa nini. Kama ni dada yako, basi huenda siku ile alikuwa na hofu, na pale alipoandika "tuombeeni" alikuwa anatafuta pole ya mtu yeyote. Pole zikaja, za watu wa mbali wengi tu. Katikati yake ikaingia sauti ya mdogo wake wa damu ikimsuta.

Neno lako lilikuwa la haki, mahali pake ndipo palipoharibu. Ungempigia simu ukamwambia hayohayo, angenuna siku mbili akaifuta picha. Lakini ulimwambia huku wakwe zake na wafanyakazi wenzake wakisoma, ukamfungia mlango wa kukubali kosa. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mtandaoni hakuna anayekwenda kulima. Wanapiga picha ya skrini, wanapelekeana, na kila mmoja ana upande wake.

Kutolewa kwenye grupu usikukuze. Ni kugusa simu mara mbili tatu mtu akiwa na hasira. Usimtume mama wala mjomba akadai urudishwe.

Sasa mpigie, au umfuate kwake kama si mbali. Usiandike ujumbe, maana utasomwa kwa sauti ya hasira aliyonayo yeye, si ya kwako. Anza na la kwako: "Dada, nilikosea kukusema mbele za watu." Uishie hapo, usitie "lakini". Habari ya picha iacheni kwa siku nyingine, na hata siku hiyo msiamue ninyi wawili. Mwenye sura yupo na amepona, aulizwe. Pengine atataka ifutwe. Pengine atataka asomewe majina ya wote waliomwombea, wazee wana mambo yao. Atakalosema lifuatwe.

Nirudi kwenye usiku wako, maana hapo ndipo unaponitia wasiwasi zaidi. Una hakika gani kila fumbo ni lako? Dada yako ana mume, ana kazi, ana majirani, na wote hao wanaweza kumuudhi. Halafu jinsi unavyoufungua ukurasa wake ndivyo Facebook inavyozidi kukuletea habari zake, kwa kuwa inafuata unachokigusa. Mwaka 2018 watafiti huko Marekani waliwalipa watu waiache Facebook kwa wiki nne. Walioacha waliokoa kama saa moja kwa siku, sehemu yake wakakaa na familia na marafiki, na hali zao za moyo zikawa nzuri kidogo. Kidogo tu, sikuahidi muujiza. Ila wewe saa yako unaitoa kwenye usingizi, tena kwa kumchungulia mtu mmoja.

Kumzuia, hapana. Atagundua, na litakuwa tusi jipya. Chagua kuacha kumfuata: mnabaki marafiki, habari zake hazikujii, naye hapati taarifa yoyote. Simu ilale sebuleni. Ukisema unaihitaji kwa ajili ya kengele ya asubuhi, nunua saa. Na mumeo umweleze haya uliyonieleza mimi, kwa sababu yeye anachokiona ni mwanga wa simu usiku wa manane na mke aliyempa mgongo, na sijui anawaza nini.

Kuhusu kusubiri radhi, usisubiri. Wewe ni mdogo, kuanza hakukushushi. Akikujibu vibaya, mwage kwa adabu, uache wiki ipite, umpigie tena. Asipopokea, nenda ukamjulie hali baba siku unayojua na yeye atakuwepo.