Sabasaba ya Dar na Saba Saba ya kwetu

Mwanangu,

Umeniuliza mbona huko Dar siku ya Sabasaba watu wanapeleka watoto maonyesho kule Kilwa Road wakanunue sufuria na aiskrimu, na huku Nairobi tarehe hiyohiyo maduka yanafungwa na polisi wamejaa mjini. Nimefurahi umeuliza.

Ya huko ilianza 7 Julai 1954, chama cha TANU kilipozaliwa, na hiyo pia ilikuwa ni kumpinga mkubwa, mkoloni Mwingereza. Ila TANU ilishika serikali, siku yake ikawa sikukuu.

Ya kwetu hakuna serikali iliyotupa. 1982 waliweka kifungu cha 2A kwenye katiba, KANU peke yake ndio chama halali, alafu 1988 tukapigishwa kura ya mlolongo, unapanga laini nyuma ya mtu wako kila mtu akiona, na bado mwenye laini ndefu anatangazwa ameshindwa! Watu walichoka kabisa. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, wakasema wazi tunataka vyama vingi, wakaitisha mkutano uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi Jumamosi tarehe 7 Julai. Rais Moi akaupiga marufuku, na tarehe 4 wakakamatwa wakawekwa kizuizini bila kesi.

Na watu wakaenda. Hapo ndipo nataka ushike, mwanangu, leseni hakuna, viongozi wako ndani, na watu wakaenda Kamukunji wakiinua vidole viwili, maana kidole kimoja kilikuwa cha KANU, kwa hivyo hata ukipungia gari la matatu mkono ulikuwa unaangalia vidole vyako. Polisi wakapiga risasi, vurugu zikaenda siku kadhaa mpaka miji mingine, watu wakauawa na hao waliouawa wengi hatuwataji popote, jambo linaloniuma mpaka leo.

Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi kuwa yule wa zamani mpaka alipofariki 2018. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Kwa hivyo vijana wa juzi 2025 wakisema Saba Saba tunatoka, na polisi wakafunga barabara zote za kuingia mjini, hawakuwa wanaokota jina tu. Wenzako wa kazini wakikuuliza tena waanzie Kamukunji, na uwatajie Matiba na Rubia kwa majina.

Mamako