Shoga kasema nisaini tu, nikimpa wakili nitakuwa nimemkosea?

"Shangazi shikamoo. Shoga yangu tuliyejuana miaka 15 ananiingiza kwenye biashara yake, natoa akiba yangu yote tunakuwa wabia. Kaniletea mkataba wa kurasa 14, nimeelewa labda nusu. Kuna sehemu ukurasa wa 9 inasema tutawajibika kwa madeni 'kwa pamoja na kila mmoja peke yake', nikaona ni mambo ya kawaida tu. Nilivyomwambia ngoja nimpe wakili aupitie akanuna, eti kumbe simwamini, na wakili wake keshauangalia, anataka saini kabla ya Ijumaa. Kaniahidi siku nikichoka narudishiwa hela yangu. Usiku silali. Ni mimi, Kalamu Mkononi."

Marahaba mwanangu. Hiyo kalamu iweke chini kwanza, tuongee.

Huyo wakili wake kauangalia kwa niaba ya nani? Ya anayemlipa. Simsemi vibaya, kazi yake ndo hiyo, kumlinda mteja wake, na wewe si mteja wake. Kwahiyo hiyo ya "keshauangalia" kwako haina maana yoyote, unatakiwa uwe na wa kwako, asiyemjua shoga yako wala biashara yake.

Sasa turudi ukurasa wa 9 maana hapo nilishtuka mpaka nikasoma mara mbili. "Kwa pamoja na kila mmoja peke yake" sio mapambo ya lugha mwanangu, maana yake biashara ikikopa ikashindwa kulipa, anayedai ana haki ya kukufuata wewe peke yako akudai deni LOTE, sio nusu, lote, alafu wewe ndo uhangaike kumtafuta mwenzio akurudishie fungu lake, kama analo, kama anapatikana. Yaani akiba umeshatoa na nyumba nayo inaweza ikaguswa. Wakili akiona hapo anaweza kuomba uwajibike kwa kiasi cha hisa zako tu, au iwekwe kwamba hakuna mkopo bila saini zenu wote wawili. Ni mistari miwili mitatu inayobadilishwa, hakuna vita hapo.

Na ile ahadi ya kurudishiwa hela ukichoka, imeandikwa wapi? Angalia kurasa za mwisho, mikataba mingi huwa na kifungu kinachosema haya ndiyo makubaliano yote na yanafuta mazungumzo yote ya nyuma. Kikiwepo, ahadi mliyopeana kwa mdomo itakuwia ngumu sana kuidai. Sio lazima awe anakudanganya, inawezekana anaamini kabisa anachosema, ila karatasi haimjui.

Usije ukajipa moyo kwamba utasema hukusoma. Uingereza mwaka 1934 kulikuwa na kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanafundishwa mpaka leo, mama mwenye mgahawa alinunua mashine ya kuuzia sigara akasaini fomu bila kusoma yale maandishi madogo, mashine ikawa haifanyi kazi, kwenda mahakamani akashindwa, saini yake imemfunga hata kama hakusoma, labda angekuwa amedanganywa. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini mkataba wa kupanga ofisi, kumbe ulikuwa unajirudia wenyewe usipotoa notisi siku 60 kabla, nikalipia chumba mwaka mzima nikiwa nimeshahama. Hasira zote nilizielekeza kwa mwenye nyumba wakati kifungu kilikuwepo na saini ni yangu.

Ukimpata wakili muulize bei kabla hajagusa karatasi, wengi wanakubali bei moja ya kupitia mkataba badala ya kuhesabu masaa. Mpe kila kitu, viambatisho vyote, na umwambie pia mliyoahidiana kwa mdomo maana yeye hawezi kujua kinachokosekana kama hajui mlichoongea. Mwambie akueleze kwa Kiswahili cha kawaida: nikitaka kutoka natokaje, mambo yakiharibika nadaiwa mpaka wapi, tukigombana nani anaamua. Akuandikie mapendekezo yake, usibebe kichwani. Ila kama biashara yenyewe inalipa au hailipi hiyo sio kazi yake, hesabu zipeleke kwa mhasibu.

Haya, kuhusu kununa. Mtu unayempa akiba yako yote anaweza kuvumilia wiki moja. Mi sisemi ana nia mbaya, wengine wananuna kwa sababu wanaona aibu tu, au wakili wake kamharakisha na yeye. Lakini Ijumaa hiyo inatoka wapi? Muulize kwa upole kuna nini Ijumaa. Kama kuna jibu la maana mtapanga, kama hakuna basi hiyo tarehe kaitunga mwenyewe na inaweza kusogea.

Mtumie ujumbe hivi, usimpigie maana utalegea: "Shoga, mkataba nimeupokea na nia ninayo. Nampa wakili wangu aupitie kama wewe ulivyompa wako, nikipata maoni yake tunakaa wawili tunayapitia. Naomba pia Kiambatisho B, ukurasa wa 6 unakitaja ila kwenye hizi karatasi hakipo."

Najua hukunitajia Kiambatisho B, ila picha za kurasa ulizonitumia nimezisoma zote. Ukikipata nitumie na mimi, mgawanyo wa faida wameusukumia huko na nina hamu ya kuuona.