Anti, nitarukaje baharini na pomboo wakati kuogelea kwenyewe nababaisha?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Dodoma. Disemba hii mimi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka saba tunaenda Zanzibar kupumzika, mara ya kwanza kabisa. Sasa kuna rafiki yangu alinitumia video yuko Kizimkazi anaogelea na pomboo, yaani wanapita chini yake hivi hivi, tangu siku hiyo sina raha na mimi nataka. Shida ni kwamba kuogelea nimejifunzia kwenye bwawa la hoteli, tena upande wa watoto. Mume wangu anasema ni kutupa hela, tutalipa boti tukaangalie mapezi kwa mbali turudi tumetapika. Ofisini nako mmoja kanambia eti wale wanyama wanasumbuliwa sana ni dhambi, mwingine anasema nisiogope, pomboo akiwepo papa hasogei. Niende au niache?
Mama Junior, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, ila usiende kama nilivyoenda mimi mara ya kwanza.

Mimi nilipatana na papasi, wale madalali wa watalii, mjini usiku, kesho yake tukaondoka saa tatu asubuhi tumeshiba chapati za kukaanga na maharage ya nazi. Kule baharini tukakuta boti hata sikuzihesabu, zote zimewazunguka pomboo wanne watano, wakiibuka tu kuvuta pumzi injini zinanguruma na nahodha wetu anapiga kelele ruka! ruka! ruka!, tunajitupa kama magunia ya mkaa, ukija kufuta maji kwenye miwani hakuna mnyama, ni mapovu na miguu ya Wataliano. Panda tena, kimbiza tena. Mara ya nne zile chapati zote nikaziacha ubavuni mwa boti. Kwa hiyo Baba Junior hajakosea, safari anayoisema ipo na inauzwa kila siku.

Mara ya pili nililala hukohuko kijijini, nikapatana na mzee mmoja mwenye boti yake, akanambia saa kumi na mbili asubuhi uwe ufukweni. Huyu hakukimbiza kitu. Alipoona mapezi akapunguza moto, akaenda nao sambamba kwa mbali mpaka akajua wanaelekea wapi, ndo akatangulia pembeni ya njia yao na kuzima mashine kabisa. Kimya. Tukateremka taratibu kwa ngazi, mimi na laifu jaketi langu mkono mmoja umeng'ang'ania kamba. Niliwasikia kabla sijawaona, phuuu, phuuu, kama mtu anapuliza jiko la mkaa. Nikazamisha uso. Walikuwa chini yangu mita tatu hivi, mama na mtoto wake kambana ubavuni kabisa, wanalialia ile sauti ya bawaba isiyopakwa mafuta, na yule mtoto akajigeuza upande akaniangalia kwa jicho moja kama anayeuliza huyu nae nani. Sidhani kama zilifika sekunde ishirini, halafu bluu tupu. Nilipopanda nilikuwa nalia na sijui nalia nini, mzee akanipa kahawa.

Sasa hilo la dhambi. Zamani wavuvi wa Kizimkazi walikuwa wanamvua pomboo, nyama yake wanafanya chambo cha papa. Utalii wa pomboo ulipoanza mwaka 1992 wakaja kuona kwamba pomboo mzima ana faida kuliko aliyekatwakatwa, na mwaka 1997 Ghuba yote ya Menai, Kizimkazi ikiwemo, ikawekwa kwenye hifadhi. Kwa hiyo hela yako inafanya kazi, asikutishe mtu. Lakini huyo wa ofisini nae ana hoja, maana watafiti waliowafatilia pomboo hawahawa wameona boti za watalii zikiwepo wanahamahama zaidi, wanapumzika kidogo na hata kutafuta chakula kunapungua. Na pomboo halali kama sisi, nusu ya ubongo inalala nusu inakesha ili aweze kuibuka kupumua, mwenye mtoto ananyonyesha huku anaogelea. We umejifungua, unajua usingizi wa mama mwenye kachanga ulivyo, sasa kila ukiupata mtu anagonga mlango. Tena kule wapo wa aina mbili, hawa wa kawaida na wale wenye nundu mgongoni, na wa nundu wana aibu sana na wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mkikutana nao waangalieni mkiwa botini basi.

Kabla hujatoa hela muulize nahodha swali moja tu, tukikuta boti nyingi unafanyaje? Akisema tunawawahi mbele, achana nae. Akisema tunasubiri au tunaenda kwenye matumbawe kwanza tunarudi baadae, huyo ndo wako. Uliza pia kama bei ni ya kichwa au ya boti nzima, na uliza usiku wa kuamkia safari, usisubiri ufukweni asubuhi mtoto anakuvuta gauni. Kuwagusa hapana, kuwalisha hapana. Ni wanyama pori, akibanwa anaweza kukung'ata au kukupiga mkia.

Habari ya papa ni hadithi tu. Wapo papa wanaomla pomboo, sasa atamkimbiaje kitoweo?

Kuogelea: kule hakuna kusimama, kwa hiyo jaketi ni lazima hata ukionekana mshamba, na likague vifungo kabla hamjaondoka. Siku moja kabla nenda maji ya kiunoni ufanye mazoezi ya miwani na bomba, kupumua kwa mdomo uso uko ndani ya maji, maana wengi pomboo hawawaogopeshi, kinachowatoa roho ni lile bomba likiingia maji. Ukipaniki geuka chali, elea, inua mkono. Junior abaki kwenye boti na jaketi la saizi yake, la mtu mzima atachomoka. Disemba ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini, na Kizimkazi ipo kusini magharibi mwa Unguja kwa hiyo inajikinga kidogo, kipindi cha kusi, upepo wa kusini, ndo panachafuka. Usiku mmoja kabla usile mafuta, asubuhi mkate mkavu na chai ya tangawizi, macho yaangalie mbali, simu weka chini. Hapo kulewa bahari kutakusamehe.

Mkirudi vaeni khanga, ni kijiji cha watu wa dini, halafu mpite Dimbani, hapohapo Kizimkazi, muuone msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mi niliupita mara mbili bila kujua, kwa nje unaonekana msikiti wa kawaida tu wa mabati.

Na mnaweza mkakosa pomboo siku hiyo, hawafugwi wale. Baba Junior mwambie aje hivyohivyo, mtu wa kushika simu na mtoto anahitajika.