Maswali ya wasomaji: Monita ya 4K, mbona mshale wa mausi unaruka ruka?

Msomaji wa Mbeya: Shikamoo fundi. Nimenunua monita ya 4K nikaiunga na deskitopu yangu ya ofisini kwa waya wa HDMI. Picha iko safi kabisa ila kila kitu kinasuasua, mshale wa mausi unaruka ruka, nikishusha ukurasa macho yanauma. Muuza duka kasema ninunue waya wa dhahabu ulioandikwa 2.1, ni bei kweli. Ninunue?

Jibu: Marahaba kijana wangu, hela yako ikae kwanza mfukoni. Fungua setingi za skrini uangalie Hz ngapi, karibu nna uhakika utakuta 30, yani picha inachorwa upya mara 30 tu kwa sekunde badala ya 60, na hapo ndo mshale unaruka.

Hesabu yake iko hivi. 4K ni nukta 3840 kwa 2160, kila nukta ina biti 24 za rangi, sasa zichore zote mara 60 kwa sekunde halafu ongeza mapengo kati ya picha na picha na zile biti za ziada za kusafirishia, unafika karibu gigabiti 18 kwa sekunde. HDMI 1.4 iliyotoka 2009 mwisho wake ni gigabiti 10.2, haitoshi, kwahiyo mashine inapunguza yenyewe hadi 30. HDMI 2.0 ya 2013 ndo ikafika hizo 18. Kama tundu la deskitopu yako ni la 1.4 hata ukiweka waya wa laki moja haibadiliki kitu, manake kasi inaamuliwa na aliye dhaifu kati ya mashine, waya na monita.

Ila usikate tamaa, zunguka nyuma ya mashine utafute tundu linalofanana na HDMI lakini lina kona moja tu iliyokatwa. Hilo ni DisplayPort, na kompyuta nyingi za maofisini zilizoletwa used zinalo, watu wanalipita tu hawalijui. Kuanzia DisplayPort 1.2 ya 2010 linabeba 4K kwa 60Hz bila shida, gigabiti 21.6. Nunua waya wa DisplayPort pande zote mbili, usichukue adapta ya bei rahisi ya kwenda HDMI maana nyingi zitakurudisha kule kule kwenye 30.

Na hii ya namba kwenye paketi inanikera sana kwa sababu watu wanaumia. Wenye HDMI wenyewe hawaruhusu waya kuuzwa kwa namba ya toleo, waya unatakiwa uandikwe jina la kasi yake, "Premium High Speed" ni gigabiti 18 na "Ultra High Speed" ni 48, na paketi inakua na stika ya kuskani kwa simu. Hakuna stika, muulize muuzaji vizuri kabla hujatoa hela. Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu kwenye ncha, kwa anayeishi karibu na chumvi ya bahari inasaidia, lakini haiongezi kasi wala rangi.

Msomaji wa Mombasa: Assalaam aleikum kaka. Laptopu yangu ina USB-C peke yake, nikanunua adapta ya kwenda HDMI, kwa ya mwenzangu inafanya kazi kwangu skrini nyeusi tu. Adapta imeharibika?

Jibu: Wa aleikum salaam dada. Adapta ni nzima, kama kwa mwenzio inafanya kazi basi tatizo ni tundu. USB-C ni umbo tu, ndani kunaweza kukawa na chaji na data basi, video inapita pale tu mtengenezaji akiunganisha njia ya DisplayPort humo ndani. Tazama pembeni ya tundu, ukiona herufi D imebeba P au alama ya radi yenye mshale, video ipo. Pasipo na alama tafuta modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, wengine hawachori kitu. Ikiwa kweli haina, zipo adapta za aina ya DisplayLink, zina chipu yake na unaweka programu yake, zinapita kwenye USB ya kawaida, kwa Word na Excel na mikutano ziko sawa ila kwa geimu usijaribu.

Mwalimu, Dodoma: Projekta ya shule ni ya VGA, laptopu mpya ina HDMI. Nimenunua waya HDMI huku VGA kule, haionyeshi kitu.

Jibu: Mwalimu pole. VGA ilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987 na ni analogi, HDMI ni dijitali, katikati lazima pawe na chipu ya kubadilisha. Waya mtupu hauna. Nunua kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, tena hakikisha ni upande huo maana cha kinyume kipo pia na havibadilishani kazi, na chukua chenye tundu la spika kwa sababu VGA haibebi sauti. Kama picha inakatika katika kipe umeme wa USB kikiwa na sehemu hiyo.

Msomaji wa Nairobi: Boss, HDMI 2.2 imetoka 2025 na gigabiti 96, ningoje?

Jibu: Hapana. Kwa monita ya 1080p au 4K ya 60Hz hutaona tofauti yoyote, ongeza ram.

Msomaji wa Arusha: Nikizima kompyuta taa ya ndani inabaki inawaka hafifu, na asubuhi inagoma kuwaka mpaka nichomoe waya wa DisplayPort.

Jibu: Chomoa na usiurudishe. DisplayPort ina pini 20 na ile ya 20 ni ya umeme, kwenye waya wa kawaida haitakiwi kuunganishwa pande zote mbili. Watengenezaji wa bei chee wanaiunganisha, umeme wa monita unarudi kwenye kadi ya picha hata mashine ikiwa imezimwa. Nunua mwingine uliothibitishwa na VESA, ndo shirika linalosimamia DisplayPort, na huo wa zamani ukate kabisa asije mtu akauokota akautumia.