Re: Freaks and Geeks, mbona Kim na Lindsay wamepatana ghafla? Na msimu wa pili uko wapi?

Habari mkuu. Kwanza angalia kama faili zako za Freaks and Geeks, ile tamthilia ya TV ya Marekani ya wanafunzi wa sekondari, zina sehemu ya nne, ile Kim anamburuta Lindsay, mhusika mkuu, kwao kula chakula cha jioni. Nina hakika huna. Kituo cha TV cha NBC waliiruka tamthilia ilipokuwa ikirushwa mara ya kwanza, na bila hiyo Kim anatoka kuwa mbabe wa shule hadi kuwa rafiki bila maelezo yoyote. Ukiiona nyumba ile na mama yake Kim, utaelewa yote.

Msimu wa pili usiutafute, haupo. Tamthilia ilianza Septemba 1999, ikakatwa mwaka 2000. Jumla ni sehemu 18, na ikiwa zako ni 12 tu, basi una zile zilizorushwa kabla haijafutwa. Panga upya kwa namba za DVD ya 2004, usifuate tarehe za kurushwa. Hiyo DVD ilichelewa kwa sababu ya malipo ya haki za muziki, na mimi naona ilistahili kusubiriwa. Kuna mahali Bill, mmoja wa wale vijana wa "geeks", anarudi toka shule, nyumbani hakuna mtu, anakaa mbele ya TV na keki yake na maziwa, anacheka mdomo umejaa. Hasemi neno, wimbo wa bendi ya rock ya The Who tu unapiga. Weka wimbo mwingine pale uone.

Halafu usingoje vicheko vya watazamaji, hakuna. Mwenyewe ndiyo maana niliipenda.